Namna ya Kumjibu Asiyeamini Anayeuliza Kama Yesu Alifufuka Kweli

Maswali ninayoletewa baada ya ibada ni yale yale, mwaka hadi mwaka. "Mwanangu amerudi kutoka chuo kikuu anasema haamini tena, nimwambie nini?" "Mwenzangu kazini anadai uthibitisho, nianzie wapi?" "Nikikwama katikati ya maneno, si nitakuwa nimemwaibisha Kristo?" Kwa kuwa nimekuwa nikiyajibu kwa mdomo, kila mtu kipande chake, nimeona ni heri niyaandike yote kwa utaratibu, ili anayeanza aweze kujiandaa peke yake na kuyarudia anapohitaji.

Mwongozo huu ni wa mtu anayezungumza na mtu mmoja anayemfahamu: ndugu, jirani au mwanafunzi mwenzake ambaye haamini kwamba Mungu yupo, au aliyelelewa kanisani na baadaye akaacha. Haukuandikwa kwa ajili ya mihadhara ya viwanjani, ambako watu wawili hushindana kwa vipaza sauti huku umati ukishangilia, kwa sababu sijawahi kuona mtu akibadili moyo wake mbele ya umati uliokuja kumwona akishindwa. Wala hauhusu mazungumzo na Mwislamu, ambaye tayari anamwamini Mungu na ambaye tofauti yake nasi inaanzia mahali pengine, yaani katika kusulubiwa kwenyewe. Mazungumzo hayo yanahitaji maandalizi ya namna nyingine.

Mahitaji kabla ya kuanza

Tafuta Biblia unayoielewa vizuri. Ile ya mwaka 1952, ambayo wengi wetu tunaiita Union Version, inatosha kabisa, lakini ukiwa na tafsiri ya pili ya kulinganisha utafaidika. Tafuta daftari lisilo na kazi nyingine. Tenga nusu saa kwa siku kwa muda wa wiki mbili, kwa kuwa hatua ya 3 hadi ya 6 haziwezi kufanywa kwa usiku mmoja. Mwombe Mkristo mmoja unayemwamini, mwenye ulimi mkali kidogo, akubali kuwa mpinzani wako wakati wa mazoezi. Mwisho, mjulishe mchungaji, padri au katekista wako unachofanya, ili upate mtu wa kumpelekea maswali yatakayokuzidi.

Sala siiweki katika orodha hii kana kwamba ni kifaa. Mtume Petro, katika waraka wake wa kwanza, sura ya 3, mstari wa 15, anatutaka kwanza tumtakase Kristo mioyoni mwetu, ndipo tuwe tayari kumjibu kila atuulizaye, tena kwa upole na kwa hofu. Asiyeweza kuomba kwa ajili ya mtu huyu kwa jina lake asianze bado kuhojiana naye.

Hatua ya 1: Sikiliza mpaka uweze kulirudia swali lake

Hii ndiyo hatua inayorukwa na karibu kila anayeanza, nami niliiruka kwa hasara. Miaka kadhaa iliyopita binamu yangu alifiwa na mama yake. Siku ya tatu baada ya maziko tulikuwa chini ya turubai, viti vya plastiki vimekwisha kupangwa vikisubiri kurudishwa, naye alikuwa akikwangua ukoko wa sufuria kubwa kwa kijiko. Akasema bila kuinua macho, "Kaka, tulikesha tukiomba wiki tatu. Huyo Mungu alikuwa wapi?" Nikamweleza habari za hiari ya mwanadamu na anguko la Adamu kwa muda wa robo saa hivi. Nilipomaliza alisema, "Sawa, kaka," akabeba sufuria kwenda kuiosha, na hatukuzungumza tena habari za imani kwa miaka miwili.

Nilichomwambia hakikuwa uongo. Alikuwa na jeraha, nami nikampa somo. Rafiki zake Ayubu walikaa naye chini siku saba, mchana na usiku, bila kumwambia neno, na makosa yao yote yalianza walipofungua vinywa.

Kwa hiyo, kabla ya kujibu lolote, uliza maswali matatu na uyasikilize majibu yake bila kumkatiza. La kwanza: "Unaposema huamini, ni kitu gani hasa usichokiamini?" Utashangaa ni mara ngapi Mungu anayekataliwa ni mungu ambaye hata wewe humwamini, kama yule anayeuza baraka kwa sadaka. La pili: "Ulianza lini kuona hivyo?" Jibu la swali hili hukuonyesha kama kuna msiba, kiongozi wa dini aliyemuumiza, au kitabu alichosoma. La tatu: "Je, hili ni jambo unalotaka tulichunguze pamoja, au unataka nikusikilize tu?" Kisha rudia alichosema kwa maneno yako mpaka akuambie, "Ndiyo, ndivyo ninavyomaanisha." Ikiwa ameomba usikilizwe tu, sikiliza, na uishie hapo kwa siku hiyo.

Hatua ya 2: Shika jambo moja, nalo ni ufufuo

Anayeanza hudhani kwamba ni lazima awe na jibu la safina ya Nuhu, la umri wa dunia, la dinosaria na la mke wa Kaini kabla ya kufungua mdomo. Si lazima. Paulo mwenyewe aliuweka uzito wote wa imani mahali pamoja aliposema, katika 1 Wakorintho 15:14, kwamba kama Kristo hakufufuka, mahubiri yetu ni bure na imani yetu ni bure. Yesu akiwa bado amekufa, hakuna jibu la dinosaria litakalouokoa Ukristo. Akiwa hai, maswali mengine yote yanaweza kungoja zamu yake.

Maswali hayo yakija, usiyadharau. Sema, "Hilo ni swali la haki, nami nitalirudia, lakini naomba kwanza tuangalie lile linaloamua kila kitu." Liandike katika daftari mbele yake, na kweli ulirudie siku nyingine. Kuhusu sayansi kwa jumla inatosha kwa kuanzia kumkumbusha kwamba Georges Lemaître, mtaalamu wa fizikia aliyeeleza mwaka 1927 kwamba ulimwengu unapanuka na mwaka 1931 kwamba ulianzia katika chembe moja, alikuwa padri wa Kikatoliki kutoka Ubelgiji. Hiyo haithibitishi kwamba Mungu yupo. Inaonyesha tu kwamba kuisoma sayansi hakumlazimu mtu kuiacha imani.

Hatua ya 3: Soma maandiko matatu kwa mfuatano huu

Usianze na Injili. Anza na barua za Paulo, kwa sababu ziliandikwa kabla ya Injili zetu, na hata wanahistoria wasioamini wanakubali kwamba Wagalatia na Wakorintho ni kazi ya Paulo mwenyewe.

Kwanza soma 1 Wakorintho 15:3-8. Paulo aliiandika barua hii akiwa Efeso kati ya mwaka 53 na 55 hivi, nayo inataja waliomwona Yesu baada ya kufa kwake: Kefa (yaani Petro), wale Thenashara (wanafunzi kumi na wawili), ndugu zaidi ya 500 kwa pamoja, Yakobo, mitume wote, na mwisho Paulo mwenyewe. Angalia jambo analosema kuhusu hao 500, kwamba wengi wao walikuwa bado hai. Anayeandika hivyo anamwambia msomaji wake aende akaulize. Angalia pia kwamba anasema anawakabidhi jambo ambalo naye alilipokea, kwa hiyo maneno haya ni ya zamani kuliko barua yenyewe.

Pili soma Wagalatia 1:18-19. Hapa Paulo anaeleza kwamba miaka mitatu baada ya kuongoka alipanda kwenda Yerusalemu, akakaa na Kefa siku 15, na kumwona Yakobo, ndugu yake Bwana. Yesu alisulubiwa mwaka 30 au 33. Ukihesabu, utaona kwamba miaka michache tu baada ya msalaba Paulo alikuwa akizungumza ana kwa ana na wawili kati ya mashahidi anaowataja. Andika hesabu hii katika daftari kwa mkono wako, kwa kuwa ndiyo utakayoihitaji kuliko zote.

Ili muda huo usiwe tarakimu tupu, mfano huu huwasaidia watu wa kwetu. Mwalimu Nyerere alifariki London tarehe 14 Oktoba 1999, akazikwa Butiama. Mtu akiandika leo kwamba hakufa siku hiyo, au kwamba alizikwa kwingine, atakanushwa na watu wengi mno waliopanga foleni Dar es Salaam kumuaga, ambao bado wako hai na bado wanasimulia. Umbali kati ya msalaba na barua ya Wakorintho ni wa miaka ya namna hiyo hiyo, si wa karne.

Tatu soma habari ya kaburi katika Marko 16:1-8 na Yohana 20:1-18. Kumbuka kwamba mistari ya Marko 16:9-20 haimo katika nakala mbili kubwa za kale za karne ya 4, ile ya Sinai na ile iliyohifadhiwa Vatikani. Kwa hiyo usijenge hoja yako juu yake. Ni afadhali alisikie kwako kuliko aje kulisoma mahali pengine na kudhani ulimficha.

Hatua ya 4: Wafahamu mashahidi wasio Wakristo

Swali la kwanza la asiyeamini huwa ni kwamba hayo yote yametoka katika Biblia. Uwe na majina matatu, wala usiyapambe.

Tasito, mwanahistoria wa Kirumi aliyeandika karibu mwaka 116, anaeleza jinsi Nero alivyowasingizia Wakristo moto wa Roma wa mwaka 64, na katika kueleza hilo anasema kwamba Kristo, ambaye jina lao linatokana naye, aliuawa na Pontio Pilato wakati wa Kaisari Tiberio. Tasito aliwachukia Wakristo, kwa hiyo hakuwa na sababu ya kuwasaidia.

Yosefo, Myahudi aliyeandika karibu mwaka 93, anataja kuuawa kwa mawe kwa Yakobo, "ndugu wa Yesu aitwaye Kristo," jambo lililotokea mwaka 62. Kuna fungu lingine refu la Yosefo linalomsifu Yesu, nalo husambazwa sana. Usilitegemee, kwa kuwa wataalamu wengi wanaona kwamba wanakili wa Kikristo waliongeza maneno ndani yake.

Plinio Mdogo, liwali wa Kirumi huko Bithinia, alimwandikia Kaisari Trajano karibu mwaka 112 kwamba Wakristo hukutana siku maalumu kabla ya mapambazuko na kumwimbia Kristo kama mungu. Barua hii huvunja dai kwamba Yesu alifanywa Mungu na Konstantino, Kaisari wa Roma wa karne ya 4.

Hakuna kati ya hao watatu anayesema kwamba alimwona Yesu mfufuka. Wanachofanya ni kuthibitisha kwamba aliishi, kwamba Pilato alimwua, na kwamba wafuasi wake walimwabudu mapema. Hapo ndipo mwisho wa kazi yao.

Hatua ya 5: Andika maelezo mengine yanayowezekana, na uyatendee haki

Chukua kurasa nne za daftari. Juu ya kila ukurasa andika moja ya hoja zinazotolewa dhidi ya ufufuo, chini yake andika nguvu ya hoja hiyo, kisha ndipo uandike udhaifu wake. Ukiona huwezi kuandika nguvu ya hoja, bado hujaielewa.

Hoja kwamba Yesu alizimia tu ndiyo dhaifu kuliko zote. Kuua kwa msalaba ilikuwa kazi ya askari wa Kirumi waliozoea, na hata kama mtu angeponea chupuchupu, akatoka kaburini akijikokota kwa vidonda vya misumari, wanafunzi wangemtafutia tabibu, wasingemwita mshindi wa mauti.

Hoja kwamba wanafunzi waliuiba mwili ni ya kale mno. Mathayo 28 yenyewe inaitaja. Nguvu yake ni kwamba inaeleza kaburi tupu. Udhaifu wake ni kwamba watu huweza kufa kwa ajili ya uongo wanaoudhani kuwa kweli, lakini ni vigumu kuona kundi zima likiteseka kwa ajili ya uongo walioutunga wenyewe. Hapa ujihadhari. Usiseme kwamba mitume wote kumi na wawili waliuawa na kwamba jambo hilo limethibitishwa, maana habari za wengi wao ni mapokeo ya baadaye. Sema unayoweza kuyasimamia: Yakobo mwana wa Zebedayo aliuawa na Herode kwa upanga kama isemavyo Matendo 12, Yakobo ndugu wa Bwana ametajwa na Yosefo, na vifo vya Petro na Paulo huko Roma vina ushuhuda wa mapema. Hao wanatosha.

Hoja kwamba waliona njozi ndiyo yenye nguvu zaidi siku hizi, na ndiyo utakayokutana nayo kwa msomi. Ni kweli kwamba wafiwa huona au kusikia wapendwa wao. Wengi wetu tuna shangazi aliyemwona marehemu akipita uani. Lakini shangazi huyo hasemi kwamba marehemu amefufuka, husema amemwona marehemu. Isitoshe, Paulo hakuwa mfiwa. Alikuwa akiwatesa Wakristo. Yakobo naye, kwa mujibu wa Yohana 7:5, alikuwa miongoni mwa ndugu wasiomwamini Yesu alipokuwa hai. Maelezo ya njozi yanapaswa kuwaeleza mfiwa, adui na ndugu asiyeamini kwa mara moja, tena na kundi lililoona kwa pamoja.

Hoja ya mwisho ni kwamba habari hii ilikua polepole kama ngano. Hesabu ya hatua ya 3 ndiyo jibu lake. Ongeza jambo la wanawake: Injili zote nne zinawataja wanawake kuwa wa kwanza kufika kwenye kaburi tupu, ilhali Yosefo anaandika kwamba ushahidi wa wanawake haukupaswa kupokewa mahakamani. Anayetunga ngano ili aaminiwe katika jamii ile angemweka Petro au Yusufu wa Arimathaya, yule aliyemzika Yesu, mlangoni mwa kaburi.

Mwishoni mwa kurasa hizo andika sentensi hii na uikariri: hoja hizi zinaonyesha kwamba kuamini ufufuo ni jambo la akili, lakini hazimlazimishi mtu kama hesabu ya kujumlisha inavyomlazimisha. Anayeahidi zaidi ya hapo anadanganya.

Hatua ya 6: Jiandae kwa swali la "dini ya wazungu"

Katika sehemu zetu hili huja karibu kila mara, tena huulizwa na watu wenye akili na wenye uchungu wa haki. Nimeona Wakristo wakilijibu kwa hasira au kwa kulikwepa. Lipe siku nzima ya maandalizi.

Anza kwa kukubali yaliyo kweli. Mjini Mombasa Wareno walianza kujenga ngome mwaka 1593, wakaipa ngome ya mizinga jina la Yesu, na jina hilo liko mpaka leo. Wamisionari wengi walifuatana na utawala wa kikoloni, na wapo waliowafundisha babu zetu kwamba ngoma zao na majina yao ni ushenzi. Usitetee lisiloteteka. Ukilikubali kwanza, mwenzako atapata nafasi ya kukusikiliza.

Kisha mwonyeshe mambo yaliyotangulia meli hizo. Katika Matendo 8 mtu wa Kushi (ufalme wa Afrika, katika Sudani ya leo), afisa wa malkia Kandake, anabatizwa njiani kabla Paulo hajakanyaga Ulaya. Athanasio aliyetetea uungu wa Kristo alikuwa askofu wa Aleksandria nchini Misri, na Augustino alizaliwa na kufa katika nchi ambayo leo ni Algeria. Mfalme Ezana wa Aksum, katika Ethiopia ya leo, aliupokea Ukristo katika karne ya 4, na jambo hilo linaonekana katika fedha yake: sarafu zake za mwanzo zina mwezi mwandamo na duara, na za baadaye zina msalaba. Wakati ule wafalme wa Norwei walikuwa bado karne sita hivi kabla ya kubatizwa.

Halafu mpeleke Namugongo. Tarehe 3 Juni 1886 vijana wa Uganda, wengi wao wahudumu katika jumba la Kabaka Mwanga, mfalme wa Buganda, Wakatoliki na Waanglikana, walichomwa moto kwa kukataa kuiacha imani yao. Waingereza walitangaza utawala wao wa ulinzi juu ya Uganda mwaka 1894, miaka minane baadaye. Vijana wale hawakuwa wakimfurahisha mkoloni, kwa sababu mkoloni hakuwa bado na mamlaka pale.

Nikiwa Mombasa hupenda pia kumwonyesha mtu kengele ya Kisauni, pale panapoitwa Kengeleni. Ni ya Freretown, makazi yaliyoanzishwa na wamisionari katika miaka ya 1870 kwa ajili ya watu waliookolewa kutoka katika majahazi ya watumwa. Ngome na kengele ziko katika mji mmoja, na zote mbili ni sehemu ya historia yetu. Mwache mwenzako aziangalie zote mbili.

Hatua ya 7: Jizoeze kwa sauti

Kuelewa kimoyomoyo hakutoshi. Keti na yule mpinzani wako wa mazoezi na umweleze hatua ya 3 kwa dakika tano bila kutazama daftari. Kazi yake ni kukukatiza, kukuuliza "umejuaje?" na kukuonyesha kila neno la kanisani ambalo mtu wa nje halielewi. Maneno kama upako, kufunguliwa, agano na kuvikwa nguvu yaache nyumbani, au yaeleze. Rudieni mara tatu katika siku tofauti. Kisha mbadilishane: wewe uwe asiyeamini, naye ajibu. Zoezi hili la pili hufundisha upole kuliko mahubiri mengi.

Hatua ya 8: Fanya mazungumzo yenyewe

Chagua mahali ambapo mwenzako haonekani na watu ambao angeona haya kubadili mawazo mbele yao. Kutembea pamoja, au chai ya jioni barazani, hufaa kuliko sebule iliyojaa. Kama ni mjomba, baba mdogo au mkubwa mwingine, mpe heshima yake kwanza: shikamoo, habari za nyumbani, kisha umwombe ruhusa. Asemapo jambo lisilo sahihi, usimsahihishe mbele ya watoto wake. Sema, "Mjomba, naomba nikuulize hilo, maana nimelisoma tofauti."

Toa jambo moja tu kwa siku moja. Ukifika kwenye Wagalatia 1, mkabidhi Biblia asome mwenyewe. Baada ya nusu saa hivi, ahirisha hata kama unahisi unashinda, na hasa kama unahisi unashinda.

Makosa yanayowaangusha wengi

Kosa kubwa kuliko yote ni kutumia habari zisizo za kweli zinazozunguka katika makundi ya WhatsApp. Wataalamu wa anga wa Marekani hawakugundua kwa kompyuta siku iliyopotea ya Yoshua. Darwin hakutubu kitandani. Binti yake Henrietta aliikanusha habari hiyo kwa maandishi. Kijana akigundua kwa simu yake, mbele yako, kwamba jambo moja ulilomwambia ni la kutungwa, hatakuwa na sababu ya kuamini lile la kaburi.

Kosa la pili ni kumjibu asiyeiamini Biblia kwa kumwambia kwamba Biblia ni ya kweli kwa sababu yenyewe inasema hivyo. Zitumie barua za Paulo kwanza kama nyaraka za kale za mtu aliyekuwapo. Heshima yake kwa Neno la Mungu itakuja baadaye, ikija.

Kosa la tatu ni kumtishia kwa jehanamu anapokuzidi maneno. Hukumu ipo, nami naiamini, lakini haikukabidhiwa kwetu iwe fimbo ya kumalizia mabishano.

Yakitokea haya, fanya hivi

Akisema kwamba vitabu vya Biblia vilichaguliwa kwa kura kule Nikea mwaka 325: mweleze kwamba mtaguso ule, yaani mkutano wa maaskofu, ulijadili mafundisho ya Ario, padri aliyekana kwamba Mwana wa Mungu ni sawa na Baba, na haukutunga orodha ya vitabu. Orodha ya kwanza tuliyonayo yenye vitabu vyote 27 vya Agano Jipya bila pungufu wala nyongeza imo katika barua ya Athanasio ya mwaka 367, na vingi kati ya vitabu hivyo vilikwisha kusomwa makanisani kwa muda mrefu kabla yake.

Akisema kwamba Injili zinapingana kuhusu kaburi: kubali kwamba zinatofautiana. Marko anataja wanawake watatu, Yohana anamtaja Maria Magdalene peke yake. Kisha mfungulie Yohana 20:2, umwonyeshe Maria anavyowaambia wanafunzi kwamba "hatujui" walikomweka. Yohana anamtaja mmoja, lakini mdomo wa huyo mmoja unasema kwa wingi. Tofauti nyingine, kama ile ya malaika mmoja au wawili, si zote zinazotatuliwa kwa urahisi hivyo, nawe usijifanye kwamba zinatatuliwa.

Akiuliza kanisa lilikuwa wapi Rwanda mwaka 1994: usikimbilie kujibu. Huko Ntarama na Nyamata watu waliokimbilia ndani ya makanisa waliuawa humo humo, na wapo mapadri na wachungaji waliohukumiwa baadaye kwa kushiriki mauaji. Mwaka 2017 Papa Fransisko aliomba msamaha kwa dhambi za kanisa na watu wake katika mauaji yale. Mwambie kwamba Wakristo walifanya hayo kinyume cha Bwana wanayemtaja, kisha unyamaze. Kama mwenye kuuliza ana ndugu aliyefia huko, rudi kwenye hatua ya 1.

Akiuliza jambo usilolijua: sema, "Silijui hilo, nipe mpaka Jumamosi." Liandike, lipeleke kwa mchungaji wako, na Jumamosi ikifika urudi, hata kama jibu ulilolipata ni nusu. Kurudi kwako siku uliyoahidi ni ushahidi wa aina yake.

Akikasirika: simamisha mazungumzo, mwombe radhi kwa lolote ulilolisema vibaya, na wiki hiyo mtembelee kwa jambo lingine lisilohusu dini, kama kumpelekea mtoto wake daftari au kumsaidia kazi ya shamba.

Akisema kwamba amekusikia lakini bado haamini: Paulo aliposimama Areopago mjini Athene na kutaja ufufuo wa wafu, wengine walimdhihaki, wengine wakasema watamsikiliza siku nyingine, na wachache, akiwamo Dionisio na mwanamke aitwaye Damari, wakaamini. Usimhesabu mwenzako kuwa katika kundi la kwanza wakati ameomba la pili. Andika tarehe na swali lake la mwisho katika daftari. Binamu yangu alirudi baada ya miaka miwili, na safari hiyo nilimwomba kwanza anisimulie habari za mama yake katika zile wiki tatu, tukakaa mpaka taa za jirani zikazimwa. Bado haamini. Pasaka iliyopita alinitumia swali kuhusu wale ndugu 500, nami niko kwenye ukurasa wa tatu wa jibu lake.